Nembo ni ya aliyeagiza, si ya aliyechora

Mhariri,

Makala mliyochapisha juma lililopita kuhusu vijana wanaojitafutia riziki kwa kuchora nembo, kupiga picha na kutengeneza matangazo ilinifurahisha kwa mengi, ila ilikuwa na sentensi moja ambayo siwezi kuinyamazia. Mwandishi wenu aliwatuliza vijana hao kwa kuwaambia kwamba kazi ya sanaa hubaki kuwa mali ya aliyeitengeneza hadi atakapoiuza kwa maandishi. Kwa msanii aliyeko London ushauri huo ni sawa. Kwa aliyeko Mombasa, Kisumu au Nairobi, ambaye kazi yake huja kwa kuagizwa na mteja, ni ushauri wa kumtia hasarani, na nalisema hili nikiwa mtu aliyekwisha kuipata hasara yenyewe.

Nina duka la kupiga chapa na kusanifu michoro hapa Mombasa, karibu na Mwembe Tayari, na nimo katika kazi hii tangu enzi za kuandika mabango kwa brashi na rangi ya mafuta. Ni fundi na pia ni mwenye biashara. Wapo wanaoniagizia kazi, na wapo ninaowaagizia mimi, kwa hiyo mzozo huu naujua kutoka pande zote mbili za kaunta.

Sheria inayotuhusu ni Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001. Kifungu chake cha 31 kinaanza vizuri kwa upande wa msanii, kwani kinasema kwamba hakimiliki, yaani haki ya kuamua nani ainakili na kuitumia kazi, huwa kwanza ya mtunzi wa kazi hiyo. Lakini hakiishii hapo. Kinaendelea kusema kwamba kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mtunzi, au ikiwa imefanywa na mwajiriwa katika shughuli za ajira yake, hakimiliki itahesabiwa kuwa imehamia kwa yule aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana kuuzuia au kuuwekea mipaka uhamisho huo. Msomaji na akirudie kifungu hicho mara mbili. Hakisemi kwamba hakimiliki huhama mteja akishalipa, wala kwamba huhama kwa kutiwa saini. Huhama kwa sababu kazi iliagizwa, basi, na malipo hubaki kuwa deni kama lilivyo deni la unga au la saruji.

Chanzo cha makosa nakielewa. Vijana wetu hujifunza kazi kupitia intaneti, na intaneti imejaa mawaidha ya Waingereza na Wamarekani. Nchini Uingereza, chini ya sheria yao ya mwaka 1988, fundi wa kujitegemea hubaki na hakimiliki yake mpaka aihamishe kwa maandishi aliyoyatia saini mwenyewe. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1976 huihesabu kazi ya kuagizwa kuwa ya mteja tangu mwanzo kwa aina chache tu za kazi zilizotajwa, tena pakiwa na maandishi. Huku kwetu kanuni imegeuzwa: asiyesema neno ndiye anayepoteza, na asiyesema neno ni fundi karibu kila mara. Nimewahi kuletewa mkataba ulionakiliwa kutoka ng'ambo neno kwa neno, ukitaja mahakama za jimbo la California, ilhali wahusika wake wawili walikuwa majirani huko Likoni.

Sasa nieleze lililonipata. Miaka michache iliyopita alinijia mteja aliyekuwa akifungua mkahawa wa biriani na vyakula vya pwani. Tulipatana kwa mdomo, tukiwa tumesimama mlangoni mwa duka langu, nimchoree nembo kwa shilingi 45,000, naye akanitumia arubuni ya shilingi 15,000 kwa M-Pesa siku ile ile. Nilimchorea jahazi ambalo tanga lake, ukilitazama vizuri, ni herufi ya kwanza ya jina la mkahawa. Ilikuwa kazi ya siku tisa, kwa sababu tanga la jahazi lina mkunjo wake, na ukiukosea linakuwa pezi la papa. Nikampelekea kwa WhatsApp picha ndogo ya kuangalia, jina la duka langu likiwa limepita juu yake kwa maandishi yaliyopauka. Akanijibu, "Mashallah, ndiyo hiyo hiyo." Kisha kimya. Mwezi uliofuata nilipita mbele ya mkahawa wake nikaliona jahazi langu juu ya mlango, kwenye menyu, kwenye aproni za wahudumu na kwenye masanduku ya bodaboda wanaopeleka chakula majumbani. Fundi mwingine alikuwa amelifuatiliza mstari kwa mstari kutoka ile picha ndogo, na tanga, naomba radhi kusema, lilikuwa pezi la papa.

Nilikwenda kwa wakili nikiwa nimejaa hamaki, nikitaka bango lishushwe na kila aproni ichomwe moto. Wakili alinisikiliza hadi nikamaliza, akafungua kifungu cha 31, akaniuliza swali moja tu: je, kuna mahali popote mlipopatana kwamba nembo itabaki kuwa yako hadi umalize kulipwa? Hapakuwa. Basi nembo ni yake, akasema, na ulicho nacho wewe ni deni la shilingi 30,000.

Deni hilo nililipata, na njia niliyoipitia inastahili kujulikana zaidi kuliko inavyojulikana. Sheria ya mwaka 2016 iliunda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ilianza kazi Nairobi mwaka 2021 na sasa iko Mombasa pia. Inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya huduma zilizotolewa na hazikulipwa. Sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60, haifungwi kikamilifu na kanuni za ushahidi kama mahakama nyingine, na mdai anaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Nilichapa mazungumzo yetu yote ya WhatsApp, nikaomba taarifa ya M-Pesa inayoonyesha ile arubuni, nikapiga picha za mlango wa mkahawa. Mdaiwa alipodai kwamba kazi haikumridhisha ndiyo maana hakumaliza kulipa, mwamuzi alimsomea yale maneno yake mwenyewe, "ndiyo hiyo hiyo", na shauri likaishia hapo. Nililipwa kwa awamu mbili. Wasanii wengi ninaowafahamu huziacha fedha zao zikapotea kwa kudhani kwamba bila karatasi iliyotiwa saini hakuna kesi, au kwamba mwaka ukipita deni limekufa, ilhali deni la mapatano lina miaka sita ya kudaiwa.

Lakini mahakama hiyo ilinipa fedha, haikunirudishia jahazi. Kilichobaki kwangu ni haki ambayo kifungu cha 32 cha Sheria ya Hakimiliki hakiruhusu mtunzi anyang'anywe akiwa hai, nayo ni haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, na ya kupinga kazi isiharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Pezi la papa pengine lingefaa kuwa kesi ya pili. Sikuwa na moyo wa kuifungua, na sidhani kwamba ningependa jina langu litajwe karibu na lile tanga.

Kwa nini basi hatuandikiani? Sababu siyo ujinga. Sisi watu wa pwani tunaona aibu. Mteja ni jirani, ni shemeji wa rafiki, amekuja na salamu za mzee fulani, na ukimtolea karatasi umuombe saini anakutazama kama uliyemwambia kwamba yeye ni mwizi. Nimeambiwa mara nyingi, "Sisi ni ndugu, maandishi ya nini?" Anayejibu swali hilo siku hizi si mimi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inawaamrisha waumini wakikopeshana kwa muda maalumu waliandike deni lao, mwandishi aandike kwa uadilifu, wala wasichoke kuliandika likiwa dogo au kubwa. Hao nao walikuwa ndugu. Na hata asiye Mwislamu, babu zake walimwambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na waliosema hivyo hawakuwa wanasheria bali watu wa maduka na majahazi.

Nageukia upande wa wenye biashara, maana nimewasikia wakifurahia kifungu cha 31 kana kwamba kimewapa bure kila wanachokiagiza. Kinachohamia kwao ni kile tu alichokuwa nacho fundi. Mama mmoja anayeuza manukato na udi aliniletea nembo aliyochorewa kwa shilingi 2,000, akitaka nimpigie chapa mifuko elfu tano. Lilikuwa waridi zuri sana. Nilipolikuza kwenye kompyuta niliona katika ukingo wa jani moja mabaki ya maandishi yaliyofutwa vibaya, yale ambayo kampuni za kuuza picha mtandaoni huyapitisha juu ya picha ambayo bado hujainunua. Fundi wake hakuchora chochote. Alichukua picha ya watu, akafuta alama, akaandika jina la duka chini yake. Sheria inamshika anayekiuka na pia anayesababisha ukiukwaji ufanyike, kwa hiyo mwenye picha angeweza kumdai fundi, kumdai mama yule mwenye mifuko, na kunidai mimi niliyeichapa. Nilimweleza kwa upole nikaikataa kazi. Akaenda duka la pili, na mifuko ikachapwa jioni ile ile. Kosa la mama yule lilikuwa kutouliza swali ambalo mwenye duka huuliza akinunua hata baiskeli iliyotumika: hii ni yako kuiuza?

Eneo ambalo mkanganyiko huu unaumiza zaidi, na ambalo makala yenu haikuligusa, ni picha za harusi. Kila msomaji wa pwani anajua kwamba katika sherehe zetu za kike simu hukusanywa mlangoni au hufungwa kamera kwa kibandiko, na mpiga picha huwa mwanamke, kwa sababu bibi harusi na wageni wake wamekaa pale bila buibui wala mtandio. Kisha baada ya wiki mbili mpiga picha huyo huyo anaweka picha ya bibi harusi kwenye ukurasa wake ili kutafuta wateja, akiamini kwa nia safi kabisa kwamba picha ni zake kwa kuwa yeye ndiye aliyezipiga. Siyo zake. Ziliagizwa na familia, na kama hakuna mapatano tofauti hakimiliki ni ya familia. Juu ya hapo ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo kifungu chake cha 37 kinakataza kutumia taarifa za mtu kwa faida ya kibiashara bila idhini yake ya wazi, na uso wa mtu ni taarifa zake. Idhini hiyo ni ya mwenye sura. Baba wa bibi harusi hawezi kuitoa kwa niaba ya wageni mia tatu. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Sheria inaruhusu faini ya hadi shilingi milioni tano, au asilimia moja ya mapato ya mwaka kwa kampuni, itakayokuwa ndogo. Sijui mpiga picha wa harusi hapa Mombasa anayeweza kulipa hata robo ya kile ilichotozwa klabu hiyo, na fedha zenyewe si kitu mbele ya familia ambayo binti yao ameshaonekana na kila mwenye simu.

Hapa nawatetea wapiga picha kidogo. Wao pia wana haja ya kuonyesha kazi yao, kwani bila mifano hakuna mteja. Dawa ni kuliomba jambo hilo kabla ya harusi na kuliandika: picha zipi, za akina nani, zitaonyeshwa wapi, na kwa muda gani. Wapo dada wawili ninaowachapia albamu ambao hupiga picha za maua, mikono yenye hina, mapambo ya ukumbi na mgongo wa shela, wakazitumia hizo tu kujitangaza, na hawana upungufu wa kazi.

Kuhusu majina ya biashara sitasema mengi. Wengi wakishapata cheti cha jina kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, huamini kwamba jina limekuwa lao peke yao. Cheti kile kinaiambia serikali ni nani anayefanya biashara kwa jina lipi. Haki ya kumzuia mwingine kulitumia jina au nembo kwa bidhaa za aina yako hutokana na kusajili alama ya biashara kwa KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama hizo, usajili unaodumu miaka kumi na kuweza kufanywa upya. Anayedhani kwamba haya ni mambo ya kampuni kubwa na akumbuke kwamba takriban miaka ishirini iliyopita kampuni moja ya Uingereza iliomba kujisajilia neno "kikoy" kuwa alama yake huko kwao. Ombi lilipingwa na halikufaulu, lakini ilibidi watu waamke na kulipinga.

Nikirudi kwenye jahazi langu, tangu siku ile nina karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ambayo kila mteja huisoma na kuitia saini kabla sijawasha kompyuta. Inataja kazi ni nini, bei ni ngapi, arubuni ni ngapi na salio litalipwa lini. Inasema kwamba hakimiliki itabaki kwangu hadi salio litakapolipwa, na siku hiyo itahamia kwa mteja bila gharama nyingine. Inasema kwamba michoro niliyoikataa au aliyoikataa mteja ni yangu. Inasema kwamba nathibitisha kuwa nimeichora mwenyewe, na kwamba herufi na picha nilizozitumia nina ruhusa ya kuzitumia. Inasema kama ninaweza au siwezi kuionyesha kazi hiyo kwa wateja wengine. Kifungu cha 31 hakilazimishi mapatano ya kuzuia uhamisho yawe ya maandishi, lakini mapatano ya mdomo ni ya kuthibitishwa kwa kiapo dhidi ya kiapo, na anayetaka kurudishiwa hakimiliki iliyokwisha kuhama atahitaji maandishi yaliyotiwa saini, kwa mujibu wa kifungu cha 33. Wateja wawili tu ndio walionigomea hadi leo. Mmoja alirudi.

Ibara ya 7 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria zote nilizozitaja zimeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza ambacho hata wakili hukisoma akirudi nyuma. Kijana anayechora nembo kwenye simu yake Kisauni hatazifikia, atazifikia makala zenu. Ndiyo sababu sentensi moja iliyokosewa katika gazeti la Kiswahili ina madhara kuliko sentensi kumi zilizokosewa kwingineko, na ndiyo sababu nakuomba, Mhariri, uisahihishe kwa ukubwa ule ule wa herufi iliochapiwa. Nimeambatanisha nakala ya karatasi yangu. Mkiona inafaa ichapeni, bila jina langu, na yeyote anayeitaka aikate gazetini aitumie. Hakimiliki yake, kwa kuwa hakuna aliyeniagiza kuiandika, bado ni yangu, na kwa barua hii naruhusu.

Wako,
Mpiga chapa, Mombasa